Sauti baharini hufika pale sakafu inapoiruhusu

Machi 1960, meli ya jeshi la wanamaji la Australia ilitupa baruti baharini karibu na Perth. Kila fungu lilikuwa na kilo 136 hivi, na lililipuka likiwa limezama sana. Zilipita saa tatu na dakika zaidi ya 40, kisha vinasa sauti vilivyokuwa majini karibu na Bermuda vikausikia mlipuko ule. Sauti ilikuwa imekwenda karibu kilomita 20,000, nusu ya mzingo wa dunia.

Sasa chukua sauti nene, ya hezi 100 tu, yaani mitetemo 100 kwa sekunde, uitoe kwenye maji ya kina cha mita 5 juu ya mchanga. Haiendi kokote. Hata ukiipiga kwa nguvu, ukisogea kidogo tu huisikii tena.

Maji ni yaleyale ya bahari, na chumvi ni ileile. Tofauti kubwa ni kwamba sauti ya kwanza ilipita mbali na sakafu, na ya pili haikuwa na namna ya kuikwepa. Maelezo mengi kuhusu sauti ya majini huanzia kwenye maji na kuishia hukohuko: joto, chumvi, mgandamizo. Vyote hivyo vina nafasi yake, na tutavifikia. Lakini mtu akitaka kujua kelele ya meli au mlio wa samaki utafika wapi katika bahari isiyo na kina kirefu, nionavyo mimi, swali la kwanza ni: chini kuna nini?

Mpaka kati ya maji na ardhi

Mwaka 1826, Jean-Daniel Colladon na Charles Sturm walipima kasi ya sauti katika ziwa la Geneva. Kengele iligongwa chini ya maji na wakati huohuo baruti ikawashwa juu ya mashua. Kwenye mashua ya pili, mbali ng'ambo ya ziwa, msikilizaji aliuona mwako, akahesabu muda hadi mlio ulipomfikia kupitia bomba lililotumbukizwa majini. Walipata mita 1,435 kwa sekunde, hesabu iliyo karibu sana na ile inayokubalika leo kwa maji baridi ya ziwa. Katika bahari sauti huenda takriban mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani.

Sauti inapogonga mpaka wa vitu viwili, sehemu yake hurudi na sehemu hupenya. Kinachogawa mafungu hayo ni tofauti ya vitu hivyo katika mambo mawili yanayozidishwa pamoja: msongamano wake, yaani uzito wa kitu kwa ujazo wake, na kasi ya sauti ndani yake. Vikilingana, sauti hupita kana kwamba hakuna mpaka. Vikiachana sana, karibu yote hurudi. Ndiyo maana uso wa bahari, ukitazamwa kutoka chini, ni kioo karibu kamili cha sauti, kwa kuwa hewa ni nyepesi mno ikilinganishwa na maji.

Sakafu haina msimamo mmoja namna hiyo. Sauti ikishuka wima na kugonga mchanga, takriban sehemu moja kati ya nane ya nishati yake hurudi. Ikigonga tope laini hurudi asilimia mbili hadi nne tu. Ikigonga mwamba mgumu wa basalti, ule uliofanywa na volkano, karibu theluthi mbili hurudi. Hapo mtu atasema basi jambo ni jepesi: kigumu hurudisha, kilaini humeza. Ingekuwa hivyo kama sauti zote zingeshuka wima. Lakini sauti inayosafiri mbali haishuki wima. Huenda ikiligusa tabaka la chini kwa mshazari, mara nyingi kwa pembe ndogo ya digrii chache tu, na katika pembe hizo mambo hubadilika kabisa.

Pembe ya kikomo

Katika mchanga uliolowa, sauti huenda kwa kasi kuliko majini, kama mita 1,650 hadi 1,750 kwa sekunde. Mwale wa sauti unaoingia kwenye kitu chenye kasi zaidi hupinda kuelekea kwenye mpaka, ukalala zaidi. Kadiri unavyokuja ukiwa umelala, ndivyo unavyopinda, hadi inafika pembe ambayo mwale uliopinda umelala kabisa juu ya sakafu na hauna tena pa kuingilia. Chini ya pembe hiyo, sauti karibu yote hurudi majini. Tuiite pembe ya kikomo. Kwa mchanga ni kati ya digrii 25 na 31 hivi, ikipimwa kutoka sakafuni.

Kwa hiyo mchanga uleule unaomeza sehemu saba kati ya nane za sauti inayoshuka wima, huwa kioo kizuri kwa sauti inayokuja ikiwa imelala. Kila ninaposoma juu ya sauti baharini narudi kwenye jambo hili, maana ndilo linaloifanya bahari ya kina kifupi iwe njia ya sauti. Juu kuna kioo cha uso wa maji, chini kuna kioo cha mchanga, na katikati sauti inadunda kama mpira ndani ya ukumbi mrefu.

Tufanye hesabu ndogo. Maji yana kina cha mita 100, na sauti inasafiri kwa pembe ya digrii 10. Itagusa sakafu kila baada ya mita 1,130 hivi. Katika safari ya kilomita 50 itakuwa imegusa mara 44. Kama sakafu inarudisha asilimia 99 ya nishati kila mguso, mwisho wa safari itabaki asilimia 64, tukiacha kando kutawanyika kwa kawaida. Kama inarudisha asilimia 90, itabaki asilimia moja tu. Tofauti ya mguso mmoja ni ndogo hata sikio lisingeitambua. Ikirudiwa mara 44, inaamua kama utasikia au hutasikia.

Ndiyo maana tofauti ya mashapo, yaani mchanga na tope lililotua chini, inayoonekana ndogo kwa macho huwa na uzito mkubwa kwa sauti. Meli mbili zilezile, zenye injini zilezile, katika kina kilekile, zinaweza kusikika kwa umbali unaopishana sana kwa sababu moja inapita juu ya mchanga na nyingine juu ya kitu kingine.

Tope na gesi

Katika tope laini lililojaa maji, sauti mara nyingi huenda polepole kidogo kuliko katika maji yaliyo juu yake, labda kwa asilimia moja au mbili. Inashangaza, kwa sababu tope ni zito kuliko maji. Lakini chembe zake ndogo zimeelea tu ndani ya maji, hazijashikana. Zinaongeza uzito bila kuongeza ugumu, na kitu kizito kisicho kigumu huchelewesha sauti.

Kasi ikishuka chini ya ile ya maji, pembe ya kikomo hutoweka. Hakuna tena pembe ambayo sauti inazuiwa kuingia. Badala yake kuna pembe moja ambayo karibu sauti yote hupenya bila kurudi hata kidogo. Mlango uko wazi.

Hata hivyo kuingia si kufa. Tope safi la mfinyanzi halifyonzi sauti sana. Kwa kila urefu wa wimbi hufyonza kidogo kuliko mchanga. Sauti huingia, hushuka mita kadhaa hadi kwenye mchanga au mwamba uliofukiwa, hudunda huko na kurudi juu. Kwa hiyo sakafu halisi ya sauti inaweza kuwa mita nyingi chini ya sakafu unayoiona kwa kamera. Mwaka 2017 watafiti kutoka taasisi mbalimbali walikusanyika kwenye eneo pana la matope nje ya pwani ya New England, Marekani, linalojulikana kwa tope lake nene lililolala juu ya mchanga, ili wapime jambo hili kwa makini. Wamelipa tope heshima inayolistahili, kwa sababu kwa miaka mingi vipimo vizuri vilikuwa vya mchanga zaidi.

Mambo hugeuka tope likiwa na gesi. Mabaki ya viumbe yakioza chini ya mashapo hutoa methani, na vipovu vyake hunaswa humo. Vipovu vichache tu, chini ya asilimia moja ya ujazo, vinatosha kuishusha kasi ya sauti hadi mita mia chache kwa sekunde au chini ya hapo, kwa kuwa kipovu hubonyea kwa urahisi mno. Tabaka hilo hurudisha sauti kwa nguvu na kuficha kila kilicho chini yake. Wanaochora tabaka za ardhi ya baharini kwa sauti hulijua vizuri: picha inakwenda vizuri, tabaka moja baada ya jingine, kisha ghafla inashuka pazia.

Mwamba nao una siri yake

Mtu angetarajia mwamba uwe bora kuliko vyote. Basalti kweli ni kioo kizuri. Lakini kuna miamba inayopoteza sauti kuliko mchanga wa kawaida, na sababu yake inafaa kufuatwa polepole.

Maji yana namna moja tu ya kupitisha mtetemo: kubanwa na kuachiwa. Kitu kigumu kina namna mbili. Kinaweza kubanwa, na kinaweza pia kutikisika upande kwa upande, kwa sababu sehemu zake zimeshikana. Mtikisiko huo wa upande huenda polepole kuliko ule wa kubanwa. Sauti ya majini inapogonga mwamba, inaweza kuamsha namna zote mbili.

Katika basalti mtikisiko wa upande huenda kama mita 2,500 kwa sekunde, bado haraka kuliko sauti majini, kwa hiyo nao una pembe yake ya kikomo na sauti iliyolala haiwezi kuuamsha na kupotelea humo. Katika mchanga punje hazijashikana, mtikisiko wa upande ni dhaifu na wa polepole mno, hauibi kitu cha maana. Shida iko katikati, kwenye mawe ya chokaa yasiyo magumu sana. Humo mtikisiko wa upande huenda kwa kasi inayokaribia ile ya sauti majini au iliyo chini yake kidogo. Hapo sauti, hata ikija imelala kabisa, hupata njia ya kuingia mwambani na haitoki tena.

Sehemu kubwa ya sakafu katika maji ya kina kifupi kusini na magharibi mwa Australia ni ya namna hiyo: mchanga wa makombe ulioshikamana ukawa jiwe, mara nyingi ukiwa na mchanga mwembamba juu. Sauti nene hufifia upesi sana huko. Anayetumia hesabu za sakafu ya mchanga katika eneo kama hilo atakosea, na hatakosea kidogo.

Unene wa sauti

Kufikia hapa nimesema "sauti" kana kwamba ni moja. Sauti ya hezi 100 ina wimbi lenye urefu wa mita 15. Ya hezi 100,000, inayotumiwa na baadhi ya vipima kina, ina wimbi la sentimita moja na nusu. Mawimbi hayo mawili hayaoni sakafu moja.

Kwa wimbi la sentimita moja na nusu, kila kokoto na kila mfuo ulioachwa na mkondo kwenye mchanga ni kilima. Sauti hutawanywa huku na huku, na kidogo kinachopenya hufyonzwa ndani ya sentimita chache. Kwa wimbi la mita 15, mifuo hiyo haipo kabisa. Sakafu ni laini kama meza, lakini tabaka zilizofukiwa mita nyingi chini zinaingia kwenye hesabu. Kwa hiyo ukiulizwa sakafu fulani ni mbaya au nzuri kwa sauti, huwezi kujibu kabla hujauliza: sauti ipi?

Sasa tunaweza kurudi kwenye ile hezi 100 katika mita 5 za maji. Ili sauti isafiri ikidunda kati ya vioo viwili, mawimbi yanayopanda na yanayoshuka lazima yapatane, yasiuane. Kwa hilo yanahitaji nafasi. Wimbi la mita 15 halitoshei ndani ya mita 5 za maji. Juu ya mchanga wenye kasi ya mita 1,700 kwa sekunde, maji ya kina cha mita 5 hayapitishi kwa mbali sauti iliyo chini ya hezi 160 hivi. Katika mita 50 kikomo hushuka hadi hezi 16. Chaim Pekeris aliiweka hesabu hii wazi mwaka 1948, na hadi leo modeli yake ya tabaka moja la maji juu ya tabaka moja la ardhi ndiyo ya kwanza anayofundishwa mwanafunzi wa fani hii. Samaki wengi wanaonguruma huwa na sauti nene. Akinguruma katika maji ya magotini, ujumbe wake ni kwa jirani wa karibu tu. Akishuka kwenye kina zaidi, mngurumo uleule unapata njia.

Kukwepa sakafu

Baruti ya Perth ilifika Bermuda kwa njia nyingine. Katika kilindi, maji ya juu yana joto na sauti huenda haraka. Kadiri unavyoshuka, baridi huipunguza kasi. Ukishuka zaidi, baridi haibadiliki sana lakini mgandamizo unaongezeka na kasi hupanda tena. Katikati, kwenye kina cha takriban mita 1,000 katika sehemu nyingi za bahari kuu, kuna ukanda wa kasi ndogo kuliko juu na chini. Sauti hupinda daima kuelekea kwenye kasi ndogo, hivyo ikipanda hurudishwa, ikishuka hurudishwa, bila kugusa uso wala sakafu. Maurice Ewing na J. Lamar Worzel waliugundua Marekani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na Leonid Brekhovskikh akaugundua kivyake katika Umoja wa Kisovieti mwaka 1946.

Tazama ni nini hasa kinachoipa njia hii sifa yake: sauti inakwenda mbali kwa sababu haigusi chini. Pale bahari isipokuwa na kina cha kutosha, mwale unaoshuka hugonga sakafu kabla haujapinda, na hasara zinaanza. Pale mlima wa chini ya bahari unapoinuka hadi kwenye ukanda huo, nyuma yake huwa na kivuli cha sauti, kama nyuma ya ukuta.

Miteremko nayo ina kazi yake. Sauti inayopanda mteremko kuelekea nchi kavu huongeza pembe yake kila inapogusa chini, kwa mara mbili ya mwinamo wa mteremko. Mwinamo ukiwa wa digrii moja na sauti ikaanza na digrii 5, baada ya migusano 10 imefika digrii 25, iko kwenye ukingo wa pembe ya kikomo ya mchanga, na muda si mrefu inazama ardhini. Inayoshuka mteremko hufanya kinyume: hulala zaidi na zaidi hadi inaingia kwenye ukanda wa kilindi na kuondoka. Kelele iliyozaliwa kwenye ukingo wa bara inaweza kusikika ng'ambo ya bahari kwa sababu hiyo. Hata tetemeko la ardhi hutumia mlango huo. Mtikisiko wake hutoka ardhini kwenye miteremko, ukawa sauti ya majini, na ukafika kwenye vituo vya mbali ukiwa wa tatu baada ya mawimbi mawili ya kawaida ya tetemeko.

Anayejenga baharini anahusika

Nguzo za mitambo ya upepo hupigiliwa sakafuni kwa nyundo kubwa. Ili kuwalinda wanyama, wajenzi huzungushia nguzo pazia la vipovu vya hewa, na pazia hilo huzuia vizuri sauti inayopita majini. Lakini nyundo inaitikisa ardhi pia. Sehemu ya nishati hupita chini ya pazia, ndani ya mashapo, kisha hupanda tena majini upande wa pili. Juu ya hayo kuna mawimbi yanayotambaa kwenye mpaka wenyewe wa maji na sakafu, ambayo huwafikia viumbe wanaoishi hapohapo chini. Kanuni inayopima kelele katikati ya maji peke yake haiwatendei haki viumbe hao, na nadhani watunga kanuni wanapaswa kulitazama hili kwa uzito kuliko ilivyo sasa.

Mabaharia wa zamani walipima kina kwa bildi, kamba yenye risasi nzito mwishoni, na kwenye tako la ile risasi walipaka mafuta ya mnyama ili chembe za chini zigande. Wakajua kama ni mchanga au tope, maana ndivyo walivyojua nanga itashika au haitashika, na herufi za aina ya sakafu zikaandikwa kwenye ramani kando ya vina. Kazi hiyo sasa inafanywa na sauti yenyewe. Meli ya Ujerumani iitwayo Meteor ilivuka Atlantiki ya Kusini mara nyingi kati ya 1925 na 1927 ikipima kina kwa mwangwi. Vipimo vya leo havisikilizi tu mwangwi umechukua muda gani, bali pia umerudi na nguvu kiasi gani na umetawanyika vipi, na kutokana na hayo hukisia kama chini ni tope, mchanga au mwamba. Pamoja na hayo, ni kama robo tu ya sakafu ya bahari iliyopimwa kwa undani wa kisasa.

Na wapimaji si lazima wawe binadamu. Mwaka 2021, Václav Kuna na John Nábělek walichapisha matokeo kutoka kwenye vipima tetemeko vilivyolazwa sakafuni nje ya pwani ya Oregon. Humo mlikuwa na nyimbo za nyangumi aina ya fini, mlio mfupi wa hezi 20 hivi unaorudiwa kwa saa nyingi. Kila baada ya mlio, vipima vilinasa mitetemo midogo iliyofuata: sauti ya nyangumi ilikuwa imeingia sakafuni, ikapita kwenye mashapo, ikafika kwenye basalti na kwenda ndani zaidi, kisha ikarudi. Kwa kupima muda kati ya mlio na marejeo yake, watafiti hao walipata unene wa mashapo na kasi ya sauti katika mwamba hadi zaidi ya kilomita 2 chini ya sakafu, mahali ambapo mnyama mwenyewe, akiogelea juu, alikuwa akiita tu.